Yai ni la Nani?

Swali tulilolitaja hapo juu laonekana dogo, hata wengine watacheka. Watasema: "Yako mambo makubwa ya kuandikwa, mambo ya ndoa, ya mashamba, na ya watoto wasiosoma. Kwa nini kuandika habari za yai?" Lakini sisi twaona ya kwamba haki ya mtu haipimwi barazani tu, anapotazamwa na watu wengi. Hupimwa nyumbani kwake, jioni, penye chungu, mahali ambapo hapana shahidi ila mkewe na watoto wake. Na katika vitu vya nyumbani ni vichache vigawanywavyo kwa siri kama yai. Ng'ombe akiuzwa, ukoo wote wajua. Shamba likigawanywa, wazee huitwa. Lakini yai huliwa kwa dakika moja, na aliyenyimwa hana pa kushtaki.

Katika nchi yetu ya Mara, toka Musoma ukingoni mwa Ziwa, hata Butiama na Bunda, ni vigumu kuona mji usio na kuku. Asiye na ng'ombe wala mbuzi huweza kuwa na kuku watano au sita wachakurao nyuma ya nyumba. Kwa hiyo swali la yai si la matajiri wala si la wafugaji wakubwa. Ni swali la kila nyumba.

Yafaa tuanze na hesabu, maana asiyehesabu hawezi kugawanya kwa haki. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hata 15, kisha hutaka kuatamia. Akiisha kuatamia siku 21 huangua, hulea vifaranga vyake, ndipo hurudi kutaga. Kwa njia hii hutaga mayai kama 40 mpaka 60 kwa mwaka mzima. Wako kuku wa kisasa wawezao kutaga zaidi ya 280, lakini hao hudai chakula cha kununua, gramu 110 au 120 kila siku kwa kila kuku, na ulinzi mwingi. Tuseme basi mama mmoja ana matetea watano wa kienyeji, na kila mmoja hutaga mayai 50. Jumla ni 250. Aache 100 yaatamiwe, maana asiyeacha mbegu hana mavuno. Yatabaki 150. Tukiyagawanya kwa majuma 52, hayafiki hata matatu kwa juma.

Mayai matatu kwa juma, na nyumba ina watu saba au wanane! Hapo ndipo swali letu linapopata uzito. Kama mayai yangekuwa mengi, kila mtu angekula akashiba, wala hatungekuwa na neno la kuuliza. Haki yatakiwa hasa penye uchache. Basi na tuwasikilize wote wanaolidai yai hili, mmoja mmoja, kama wazee wasikilizavyo shauri, wala tusimfunge mtu kinywa kabla hajasema.

Wa kwanza kusema ni baba mwenye mji. Yeye husema: "Nyumba ni yangu, uwanja ni wangu, na kuku walianza kwa fedha yangu. Basi yai ni langu." Tena hutaja desturi. Na ni kweli, katika makabila mengi ya Afrika Mashariki desturi ilikuwa upande wake. Kwa Waganda na kwa Waluhya, walio jirani zetu kandokando ya Ziwa hili, wanawake walikatazwa kula kuku na mayai. Mahali pengine mwanamke mwenye mimba aliambiwa ya kuwa akila yai mtoto wake atazaliwa bila nywele, au yeye mwenyewe atashindwa kuzaa.

Tusiwadharau wazee wetu. Yawezekana desturi ile ilikuwa na akili ndani yake. Yai lililoliwa leo ni kuku asiyekuwapo kesho. Na katika nchi ambayo ugonjwa wa mdondo uliweza kuja ukafagia banda zima kwa majuma machache, aliyekula mayai alikuwa akila mbegu. Ilipasa yai lilindwe. Lakini hapa twaona kosa: mzigo wa kulilinda uliwekwa juu ya nani? Haukuwekwa juu ya baba aliye na nguvu. Uliwekwa juu ya mwenye mimba, na anyonyeshaye, na mtoto anayeota meno. Wale waliolihitaji zaidi ndio walioambiwa wajizuie kwa ajili ya wengine. Desturi ikimtaka mwenye nguvu ajinyime kwa ajili ya mnyonge, na tuishike. Ikimtaka mnyonge ajinyime kwa ajili ya mwenye nguvu, yatupasa kuiuliza imetoka wapi.

Tena ile sababu ya zamani leo imepungua. Ugonjwa wa mdondo, ambao watu wengine huuita kideri, ulitambuliwa na wataalamu mara ya kwanza mwaka 1926 katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle upon Tyne huko Uingereza. Hauna dawa ya kuuponya, na ukiingia katika kuku wasiochanjwa huweza kuua 80 katika 100, au zaidi. Lakini chanjo yake ipo. Ile iitwayo I-2 ilitengenezwa katika chuo kikuu cha Queensland, Australia, kwa ajili ya kuku wa vijijini hasa, nayo hutengenezwa hata hapa Tanzania. Ni tone moja katika jicho moja la kuku, kila miezi mitatu au minne. Basi mtu awezaye kulinda kuku wake kwa tone moja hawezi tena kusema kwamba mkewe asile yai kwa sababu kuku watakwisha.

Wa pili kusema ni mama. Yeye husema: "Ni nani afunguaye banda alfajiri? Ni nani afagiaye kinyesi, aokotaye mchwa kwa ajili ya vifaranga, amfukuzaye mwewe, na ajuaye kuku yupi ametaga chini ya kichaka? Ni mimi. Basi yai ni langu." Neno hili lina nguvu. Twajua ya kwamba kazi humpa mtu haki juu ya mazao ya kazi. Katika Azimio la Arusha la mwaka 1967, Julius Nyerere, mwana wa Butiama, hakuficha jambo hili. Azimio lilisema wazi ya kuwa wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko watu wote, na ya kuwa wanaume wengi wa vijijini hupumzika nusu ya maisha yao. Tena lilikataa mtu mmoja kula jasho la mwenzake. Watu wengi huyafikiri maneno hayo kuwa ni ya viwanda na mabenki. Lakini je, hayafiki katika banda la kuku? Mwanamume aketiye kivulini, naye amwambiaye mkewe, "Lete yai," hali hajui hata kuku wangapi wanaumwa, anakula jasho la nani?

Hata hivyo mama naye yampasa aulizwe. Wako wauzao kila yai, hata moja lisibaki nyumbani. Je, ni vibaya kuuza? Twasema, kuuza si vibaya. Fedha ya mayai machache yaweza kununua maharagwe yatakayolisha nyumba nzima, au daftari la mtoto, au sabuni. Mama auzaye yai akanunua chakula kinachotosha watu wengi amegawanya vema kuliko aliyelipika akalimega vipande vinane. Lakini akiuza yai na kununua soda na mandazi ya sukari, amebadili chakula chema kwa kisicho chakula. Basi tusiulize tu kama yai limeuzwa. Tuulize fedha yake imekwenda wapi, na imerudi kwa nani. Wala baba asiyeleta kitu nyumbani asiulize swali hili kwa ukali, maana mara nyingi mama huuza yai kwa sababu mfuko wa baba umefungwa.

Wa tatu ni mtoto. Yeye hasemi neno, maana hajui kusema, au akisema huambiwa anyamaze. Kwa ajili yake na tuseme sisi. Yai moja la kadiri lina kama gramu 6 za ile sehemu ya chakula ijengayo mwili, tena lina vitamini nyingi zisizopatikana katika ugali wala katika uji mtupu wa muhogo. Hesabu ya afya iliyofanywa nchini Tanzania mwaka 2022 ilionyesha ya kwamba katika watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Mtoto aliyedumaa si mfupi tu. Mara nyingi akili yake nayo haikupata chakula wakati wa kujengwa, na wakati huo ukipita haurudi. Baba aweza kukosa yai leo akala kesho, wala asipate hasara. Lakini mtoto wa miezi kumi hawezi kuambiwa, "Ngoja mwakani."

Wataalamu wamelijaribu neno hili. Katika nchi ya Ekwado, watoto wa miezi 6 mpaka 9 walipewa yai moja kila siku kwa muda wa miezi 6, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kwamba kudumaa kulipungua karibu nusu, yaani 47 katika 100. Lakini tuwe wakweli, tusichague habari ituipendezayo tu. Jaribio kama lile lilifanywa Malawi, katika wilaya ya Mangochi, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 hayakuonyesha kwamba watoto waliopewa mayai waliwapita wenzao kwa urefu. Kwa nini? Wataalamu walitaja sababu kadha, na mojawapo ni kwamba watoto wale walikaa karibu na ziwa, na kula samaki ilikuwa desturi yao. Basi yai si uganga. Ni chakula chema kwa mtoto asiye na chakula kingine cha namna hiyo.

Na habari hii ya Malawi yatuhusu sana sisi tukaao karibu na Ziwa, kwa maana yatuletea swali ambalo wengi hawajalifikiri. Mwalo wa Musoma umejaa dagaa walioanikwa. Wengine huliwa na watu, lakini sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa hili husagwa kuwa chakula cha kuku na cha mifugo mingine. Sasa fikirini: mtu achukua dagaa ambaye mtoto angeweza kumla, ampa kuku, angoja kuku atage, kisha auza yai kwa mtu wa mjini. Mtoto amekosa mara mbili, dagaa amemkosa na yai amelikosa. Je, huyu mfugaji amefanya dhambi? Hatusemi hivyo kwa kila mtu, maana mwingine huuza ili alipe karo au dawa. Lakini twasema kuna utaratibu. Kuku apewe kwanza vile ambavyo mtu hali: pumba, makombo, mchwa, panzi, majani, na vichwa vya samaki. Hiyo ndiyo sifa kubwa ya kuku wachache wa nyuma ya nyumba, kwamba huokota kilichotupwa wakakirudisha kuwa chakula. Lakini kuku aletwapo mezani kunyang'anyana na mtoto dagaa na mahindi, hasa mwaka wa njaa, yafaa mwenye kuku aulize tena kwa nini anafuga.

Liko neno jingine la mtoto, nalo linatuuma kuliko yote. Ni desturi njema katika miji mingi kumpa mtoto kifaranga na kumwambia, "Huyu ni wako. Mtunze." Mtoto hufurahi, humpa jina, humletea wadudu, humfunika usiku. Kifaranga hukua, huwa mtetea, hutaga. Ndipo mgeni huja, au baba hupungukiwa na fedha, na kuku wa mtoto hukamatwa. Mtoto akilia, huambiwa, "Wewe una mali gani? Wewe mwenyewe ni wangu." Baba amepata kitoweo cha siku moja. Lakini mtoto amepata mafundisho yatakayokaa miaka mingi: kwamba neno la mkubwa halina maana, kwamba kazi hainufaishi, na kwamba haki ni ya mwenye nguvu. Kisha akiwa kijana akikataa kulima, tutasema vijana wa siku hizi ni wavivu. Je, uvivu huo hatukuupanda wenyewe, siku ile ya kuku?

Mwingine atauliza, "Basi baba asimchinje kuku wa mtoto hata nyumba ikiwa na shida?" Twajibu: shida ikiwa ya kweli, baba amwite mtoto, amweleze, amwombe, na kumwahidi badala yake, kisha aitimize ahadi. Mtoto aliyeombwa hutoa, na akitoa hujifunza ukarimu. Mtoto aliyenyang'anywa hajifunzi ukarimu, hujifunza kuficha. Kuku ni yule yule, kisu ni kile kile, lakini nyumba hizi mbili hazifanani.

Na hapo tumtaje wa nne, yaani mgeni. Ukarimu ni pambo la watu wa Mara, wala hatutaki liondoke. Lakini na tuseme wazi: wachungaji na waalimu wa sharika ndio wageni wafikao mara nyingi kuliko wengine, na kwa ajili yetu kuku hukimbizwa uwanjani. Yatupasa sisi tulio wageni tuwe na macho. Tukiona nyumba ya mjane yenye kuku watatu, na watoto wanatazama mlangoni, ni heshima zaidi kuomba uji. Mwenyeji asiaibishwe kwa kukataliwa zawadi yake. Lakini mgeni mwenye hekima hutangulia kusema, mapema, kabla kuku hajashikwa.

Kadhalika mayai ya sadaka. Desturi ya kuleta mazao kanisani na kuyanadi baada ya ibada twaipenda, kwa maana hata asiye na fedha hupata cha kutoa. Lakini Bwana Yesu aliwakemea wale waliosema kwamba mali yao ni wakfu, huku wakiwaacha wazazi wao bila msaada. Neno hilo halikuwa la Mafarisayo peke yao. Yai lililotoka mkononi mwa mtu aliyeshiba ni sadaka. Yai lililoondolewa katika sahani ya mtoto mwenye njaa, ili jina la baba lisomwe mbele ya watu, ni la nani aliyelitoa? Ni la mtoto, naye hakuulizwa.

Wa tano ni jirani. Kuku hawajui mpaka. Huchakura mbegu za mtama za mwenzako zilizopandwa jana, hula muhogo wake aliouanika juu ya mwamba. Mithali yasema, kuku mwenye watoto halengwi jiwe, nayo ni mithali njema. Lakini mwenye kuku asijifiche nyuma ya vifaranga akamwachia jirani hasara. Wakati wa kupanda, awafungie. Na kuku wakiharibu, alipe, hata kwa mayai.

Tena ugonjwa haujui ua. Mtu mmoja akichanja na majirani kumi wasichanje, mdondo utakaa kijijini, nao utaendelea kuwashika kuku wapya na vifaranga vyake. Kichupa kimoja cha chanjo hutosha kuku wengi, tena kikiisha kufunguliwa hakikai. Kwa hiyo hekima ni kwamba majirani wakubaliane siku moja, wachange, wachanje pamoja. Lakini kuna uovu ambao yatupasa kuukemea. Mdondo ukiingia, wako watu wakamatao kuku wenye dalili, wakawakimbiza sokoni Bunda au Musoma wakawauze kabla hawajafa. Muuzaji amepata fedha, lakini amepeleka kifo katika banda la mtu asiyemjua. Yeye husema, "Sikuiba." Twasema, ameiba. Amri ya saba haikatazi mkono uchukuao tu, yakataza pia biashara ya hila. Na mithali yatuonya, mchuma janga hula na wa kwao, kwa maana ugonjwa aliouuza utarudi kijijini kwake.

Wa sita, na wa mwisho, ni kuku mwenyewe. Wengine watacheka tena. Lakini yai lilikuwa lake kabla ya kuwa letu. Kuku hakuzaliwa mtumwa wa mtu. Asili yake ni ndege wa msituni huko kusini mashariki mwa Asia, naye alizoea kukaa na watu katika siku za mashamba ya mpunga, miaka kama 3,500 iliyopita. Akaja kwetu kwa njia ndefu za nchi kavu na za bahari. Aliacha msitu akakaa na mtu, naye mtu akapata mayai. Nani asemaye kwamba mapatano hayo hayana deni?

Na tulione deni hilo. Gamba la yai karibu lote ni chokaa, na kila yai humdai kuku kama gramu mbili za madini ya chokaa hiyo. Asipoipata katika chakula, huitoa katika mifupa yake mwenyewe. Basi atwaaye mayai kila siku, asimpe kuku hata maganda yaliyosagwa au makombe ya ziwani, anakula mifupa ya kuku aliye hai. Kadhalika aachaye utitiri umnyonye usiku kucha, akalalamika asubuhi kwamba hatagi. Kadhalika afungaye kuku kumi kwa miguu akawaning'iniza vichwa chini katika mpini wa baiskeli, safari nzima mpaka sokoni, juani, bila maji. Atasema, "Watachinjwa tu." Ni kweli watachinjwa. Lakini ruhusa ya kuchinja si ruhusa ya kutesa. Kama ni kuchinja, kisu kiwe kikali na mkono uwe mwepesi.

Neno hili si la Wazungu wala si la siku hizi tu. Torati ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati 22, ilimkataza mtu akutaye kiota kumtwaa mama ndege pamoja na makinda au mayai. Mtu alipewa kula, lakini aliwekewa mpaka. Katika siku zetu nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza, tangu Januari 2012, yale matundu ya chuma ya zamani ambayo kuku hawezi kukunjua mabawa yake. Nasi Tanzania tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ikatazayo kuwatesa wanyama. Lakini hakuna askari atakayesimama nyuma ya kila nyumba. Mlinzi wa kuku ni moyo wa mwenye kuku. Na sisi twaamini kwamba mtu azoeaye kutosikia kilio cha kiumbe kilicho chini yake, hujizoeza kutosikia na kilio cha mtoto.

Sasa tumewasikiliza wote sita. Yai ni la nani? Baba asema kweli kwamba alitoa uwanja na fedha. Mama asema kweli kwamba alifanya kazi. Mtoto ana haja iliyo kubwa kuliko wote. Mgeni ana heshima yake, jirani ana haki yake, na kuku ana deni lake kwetu. Hakuna aliyesema uongo, lakini mayai ni matatu.

Sisi twajibu hivi. Kuwa na mali si kusema tu, "Hiki ni changu, nitafanya nipendavyo." Kuwa na mali ni kuwa wakili, na wakili huulizwa aligawanya namna gani. Basi kwanza alipwe asiyeweza kudai, naye ni kuku: chakula, maji, chanjo, na banda lisiloingia kicheche. Asipolipwa huyu, hata mayai matatu hayatakuwapo. Pili apewe yule ambaye akikosa ataumia kwa namna isiyoponyeka, naye ni mtoto mdogo, na mwenye mimba, na anyonyeshaye. Tatu, afanyaye kazi awe na sauti katika kuuza na katika fedha ya kuuza. Nne, majirani na wageni wapate haki yao, lakini isitoke katika fungu la mnyonge. Na mwenye mji ale wa mwisho. Asione uchungu, maana huo ndio ukubwa wenyewe. Jogoo akipata punje huwaita wengine waje wale, naye husimama akitazama. Ni aibu mwanamume akishindwa na jogoo wake.

Tunajua mzee mmoja atasema kwamba mashauri haya yanavunja heshima ya baba. Hasha. Baba akila yai peke yake huogopwa, na siku atakapokosa nguvu hakuna atakayemkumbuka. Baba agawanyaye hupendwa, na katika uzee wake watoto wale wale watauliza, "Baba amekula?" Heshima ya namna hii hailetwi na amri.

Basi, waalimu na wazee wa sharika, msione haya kuyanena mambo haya mnapozitembelea nyumba za watu. Ulizeni siku ya kuchanja. Ulizeni kuku huyu ni wa nani, na kama ni wa mtoto, msemeni naye mtoto mbele ya baba yake, ili ahadi iwe na shahidi. Na wewe msomaji, juma hili mayai yatatagwa uwanjani kwako, pengine mawili, pengine matatu. Hakuna mzee atakayeitwa wala baraza litakaloketi kuyagawanya. Utayagawanya wewe.